Kondoo wa Nadhiri na Majani ya Kisimani

Mwanamke wa Kaole wa kunishinda mimi kwa kuosha matumbo ya mbuzi na kondoo bado hajazaliwa, na nasema hivyo bila haya. Wenzangu wanajisifia mikeka ya rangi na wali usioshikana. Mimi najisifia matumbo. Baba yangu alikuwa mfugaji, mama alikwishatangulia mbele ya haki, na kila mnyama aliyechinjwa kwetu, nyama iligawanywa na wanaume, matumbo yakaja kwangu ndani ya ungo. Niliyabeba hadi ufukoni, nikayapasua, nikayageuza ndani nje, nikayasugua kwa mchanga na maji ya bahari mpaka yakawa meupe. Kazi ile inanuka, sikatai. Lakini ilinifundisha jambo ambalo wanaume washika visu hawakulijua, kwa sababu hawakuwa na shida ya kutazama ndani.

Mnyama acheuaye ana matumbo manne. La mwisho ni dogo, ngozi yake laini, na humo mara nyingine nilikuta vidudu vyekundu, vyembamba kama uzi wa kushonea, vingi visivyohesabika, vimejishikiza kwenye ukuta wa tumbo vinajinyonganyonga. Wanawake wenzangu walisema minyoo hiyo, mwaga, osha, tuondoke. Mimi nina tabia ya kuuliza. Ndiyo tabia iliyofanya mume wangu aniache kabla hatujatimiza miaka miwili. Alisema mdomo wangu haupumziki, nami nikamwambia masikio yake ndiyo mavivu, tukaachana hivyo. Nikarudi kwa baba, nikaendelea kuuliza: huyu mnyama alikuwa anakula wapi?

Miaka ile, misafara ilikuwa ikishuka Bagamoyo kutoka bara, mapagazi na pembe, na nyuma yao mbuzi wa Unyamwezi waliochoka njiani. Baba aliwanunua wale waliochoka, akawanenepesha, akawauza. Kwa hiyo nilipata matumbo ya kila namna, na nikaanza kuona mpango wake. Mnyama aliyelishwa bondeni, penye maji na majani mabichi mwaka mzima, tumbo lake lilijaa nyuzi nyekundu. Mnyama aliyelishwa nyuma ya Kaole, pale kwenye ardhi ya chumvi kando ya mikoko, akala majani ya mchu, mti wa mikoko, kwa kunyanyua shingo, tumbo lake lilikuwa safi au karibu na safi. Nilimwambia baba. Baba hakucheka. Alinishika mkono, akanipeleka kwa mbuzi jike mmoja aliyekonda, akamfunua kope la chini kwa kidole gumba.

"Tazama rangi," akaniambia. "Mzima, hapa ndani pana wekundu wa damu. Huyu pamekuwa peupe. Kitu kinamnywa damu, na mimi sikujua kinakaa wapi. Wewe umekiona."

Sijasahau neno lile. Baba hakuwa mtu wa kusifu, na mimi nilikuwa mwanamke aliyeachwa, nimerudi nyumbani na sanduku moja. Kuanzia siku ile zizi lilikuwa langu kwa kazi, ijapokuwa kwa jina lilibaki lake. Asubuhi sikuwafungulia mbuzi mpaka umande ukauke, hata walie namna gani. Watu wakasema nawanyima wanyama chakula. Nikawajibu waje walinganishe wanyama wangu na wao, na hakuna aliyekuja.

Sasa nije kwenye habari ya kondoo.

Dada yangu, tuliyezaliwa tumbo moja, aliolewa Fukayosi na mkulima mmoja mpole. Alizika watoto wawili. Wa kwanza hakufikisha arobaini, wa pili alikufa kwa homa akiwa amekwisha kukaa mwenyewe. Mimba ya tatu alikuja kujifungulia kwetu, kama ilivyo desturi, akapata mtoto wa kike. Akaweka nadhiri: mtoto huyu akifika mwezi wa Maulidi yu hai, atachinjiwa akika ya kondoo dume mzima asiye na ila, na siku hiyo ndiyo atapewa jina. Kabla ya hapo asiitwe jina lolote. Basi mtoto tukamwita mgeni. Mgeni analia, mgeni amelala, mgeni anataka ziwa.

Baba alichagua kondoo katika zizi letu, mweupe, kichwa cheusi, mkia umejaa mafuta. Dada akamwangalia, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue nikaona mabega yake yameshuka. Roho yake yote aliitundika kwa yule mnyama. Aliniambia waziwazi, "Mdogo wangu, kondoo huyu akifa kabla ya siku yake, mtoto wangu anamfuata." Nilimwambia hayo si ya dini. Akanijibu kwamba mimi sijazika mtoto.

Mtaani kwetu palikuwa na desturi yake. Mnyama wa nadhiri hakai zizini na wenzake. Hufungwa kwenye kisima cha msikiti, pale maji ya kutawadhia yanapotiririka kutoka birikani yakaingia mtaroni, na kando ya mtaro majani yanaota mazito, mabichi kiangazi na masika. Maji ya udhu, majani ya baraka, mnyama wa Mungu. Kila mtu aliona jambo hilo limekaa sawa. Na kila mnyama wa nadhiri aliyefungwa pale alikonda. Hilo nalo walikuwa na maneno yake. Walisema, Mwenyezi Mungu ameshaanza kupokea chake. Mnyama akidhoofu, mwenye nadhiri hupongezwa. Nimewaona kwa macho yangu watu wazima wenye akili zao wakishikana mikono kwa furaha mbele ya mbuzi anayekufa.

Nilimwambia baba tusimpeleke. Baba alisema desturi ni ya mtaa, na dada mwenyewe anataka. Kondoo akapelekwa Mfungo Nne, miezi miwili kabla ya Maulidi, mwanzo wa vuli.

Mvua zilinyesha vizuri mwaka ule. Kila nilipokwenda kuteka maji nilimfunua kope. Wiki za kwanza palikuwa pekundu. Halafu pakawa na rangi ya waridi iliyofifia. Halafu, Mfungo Tano ulipoingia, nikafunua nikakuta peupe kabisa, na chini ya taya pamevimba, pana uvimbe laini uliojaa maji. Nilibonyeza, kidole kikaacha shimo. Nilijua mwisho wa mnyama mwenye uvimbe ule, maana nimewaosha matumbo. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja na siku kadhaa kufika Maulidi. Kondoo asingefika.

Nilikwenda nyumbani nikamkuta dada anapongezwa na majirani. Amekaa kitini, mtoto mapajani, anatabasamu, wanamwambia nadhiri yake imepokelewa. Niliwatoa wote. Sikuwatoa kwa adabu, nakiri. Nikamwambia dada, "Kondoo wako ana minyoo, na akibaki pale utamzika kabla ya mwezi kuandama." Alinitazama kama aliyemwagiwa maji. Akaniambia nina husuda, kwamba mwanamke asiye na mume wala mtoto amekwenda kumkodolea macho kondoo wa mtoto wake mpaka akamtia jicho. Dada yangu huyo. Yaliniuma, na bado yananiuma nikiyaandika, lakini sikumrudishia, kwa sababu nilimwona alivyomkumbatia mtoto kwa nguvu.

Nilijitia ushungi, nikamchukua baba, tukaenda kwa mwalimu wa msikiti. Alikuwa mzee mnyenyekevu, aliyetufundisha sote juzuu za mwanzo. Nilisimama nyuma ya baba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Una neno?"

"Naomba ruhusa nimwondoe kondoo wa dada yangu kisimani."

Akatikisa kichwa. Akasema mnyama yule ni wa Mungu, amefungwa penye maji ya ibada, na kukonda kwake kuna maana yake. Baba akakohoa, akataka kuniombea radhi. Nikamtangulia.

"Mwalimu, nilipokuwa chuoni kwako ulitufundisha ila za mnyama wa kuchinjwa. Ulisema kipofu hafai, kilema hafai, na aliyekonda mpaka mifupa haina uboho hafai. Sasa tukimwacha akonde, siku ya Maulidi utamchinja kwa hukumu gani?"

Mwalimu akasema, "Mchukue. Lakini akifa mikononi mwako, maneno ya watu utayabeba wewe." Nikamwambia maneno ya watu nimeyazoea, ni mzigo mwepesi. Baba alinikanyaga mguu.

Nilimkokota kondoo yule hadi nyuma ya Kaole, kwenye ardhi ya chumvi, nikamjengea kibanda cha makuti juu ya vichanja ili asilale penye unyevu. Nikatwanga mbegu za papai zilizokauka, nikachanganya na shubiri, nikamnywesha kwa kibuyu. Mara ya kwanza nilizidisha shubiri. Aliharisha siku mbili mpaka nikadhani nimemuua mwenyewe kwa mikono yangu, nikakaa kando yake nikimlazimisha maji ya dafu na chumvi kidogo. Sitaficha hilo. Kila anayejua kazi aliwahi kukaribia kuua. Siku ya tatu alisimama, akala majani ya mchu, nami nikapumua.

Nilingoja wiki nzima nifunue kope. Nikafunua. Peupe vilevile. Nikampa dawa tena, kwa kipimo sasa, nikangoja siku nyingine kadhaa. Peupe. Uvimbe wa taya ulikuwa haujapungua hata kidogo. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kila nilichokijua nilikuwa nimekitumia, na zilikuwa zimebaki kama wiki tatu. Mtaani walikuwa wamekwisha kunipaka matope ya kutosha, na nyumbani dada hakuwa akisema na mimi. Nilikula peke yangu jikoni. Nikajiuliza kama kweli nina jicho baya. Ndiyo, hata mimi nilijiuliza.

Siku moja niliwahi kwenda kuliko kawaida, jua ndiyo kwanza linachomoza. Nikamwona dada anatoka njia ya msikiti, mtoto mgongoni, na mbele ameifunga kanga yake kama mfuko, imejaa. Alifika kwenye kibanda, akaifungua, akamwaga mbele ya kondoo majani mabichi ya mtaroni, yanadondoka umande. Kondoo akayavamia. Dada akapiga magoti pale pale, akimpapasa kichwa, akimwambia, kula, kula baraka yako.

Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba alikuwa akifanya hivyo kila siku tangu nimhamishe. Kila asubuhi, kabla sijafika, na mtoto mgongoni, mwendo wote ule kutoka kisimani. Nilimtoa kondoo kwenye majani yale, naye dada akamfuatisha kondoo majani kwa upendo wake mwenyewe. Nilikasirika. Nilichukua yale majani nikayatupa majini kwenye mikoko, dada akapiga yowe kwamba natupa baraka ya mtoto wake.

Ningeweza kumfokea, nina ufundi huo. Lakini wiki ile mbuzi mwingine wa nadhiri alikuwa bado kisimani, mbuzi wa mke wa pagazi, aliyewekewa nadhiri mume arudi salama kutoka bara. Mume alikuwa amerudi, na mbuzi alikuwa hajiwezi, wakamchinja asubuhi ile ile haraka haraka kabla hajafa. Matumbo, kama kawaida, waliniwekea mimi. Nilimshika dada mkono. Nikamwambia, "Twende. Leo utaosha na mimi."

Tulikaa ufukoni, maji yamekupwa, mtoto amelala mgongoni kwake. Nilitoa tumbo la mwisho nikaliweka juu ya jiwe, nikampa kisu. Alikataa. Nikampasulia mimi, nikaligeuza, nikalitandaza mbele yake.

Minyoo walikuwa bado wazima. Ukuta mzima wa tumbo ulikuwa unatambaa, nyekundu tupu, na pale walipokuwa wamejishikiza pana vidonda vidogo vinavyovuja. Nilichukua kijiti nikachota baadhi nikawatia kwenye kifuu cha maji ili awaone vizuri. Nikamwambia, "Hawa wanakunywa damu. Mbuzi ananya mayai yao kwenye majani ya kisimani, watoto wao wanapanda kwenye umande, mbuzi mwingine anawala asubuhi. Wanyama wa nadhiri wa miaka yote wamefungwa pale pale, juu ya mavi ya wenzao. Hii ndiyo baraka uliyokuwa ukimletea kondoo wako." Kama nilijua yote kwa hakika? Watoto wao kwenye umande sikuwahi kuwaona kwa macho. Nilikisia kutokana na matumbo, na nilikisia sawasawa.

Dada alitazama kile kifuu. Hakutapika, nilidhani atatapika. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyekuwa namuua?"

"Ulikuwa hujui," nikamwambia. "Sasa unajua."

Akalia kilio cha kwikwi, mtoto mgongoni akaamka, tukawa na vilio viwili. Halafu akajifuta uso, akachukua kisu, akanisaidia kumaliza kuosha. Hakuosha vizuri. Nilirudia mwenyewe baadaye bila kumwambia.

Tangu siku ile tulikwenda sote wawili, baada ya umande kukauka. Yeye akivunja matawi ya mchu, mimi nikitazama kope. Dawa nilimpa mara moja zaidi. Siku zilizofuata nikaona kiwaridi chembamba upande mmoja, nikadhani macho yangu yanajidanganya kwa tamaa, nikamwita baba. Baba akafunua, akasema, "Inarudi." Uvimbe wa taya ulipungua ukabaki ngozi inayoning'inia, kisha nayo ikajikaza. Mkia ukaanza kujaa. Wiki ya mwisho kondoo alimkumba baba kwa kichwa akamwangusha, na baba, akiwa chini mchangani, alicheka kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Siku ya Maulidi kondoo aliingia uani kwetu kwa miguu yake, anavuta kamba, mimi nimeishika. Watu walikuwa wamejaa. Nilimpitisha mbele yao wote polepole, makusudi, wale waliosema nina jicho nikawapitishia karibu zaidi wamwone mbavu zilivyofichika. Kama hiyo ni dhambi ya kujivuna, nimekwisha kutubu mara nyingi na kila nikikumbuka naivuna tena. Mwalimu alimfunua kope mwenyewe, kwa kidole gumba, kama nilivyokuwa nikifanya. Akamlaza kibla, akasoma, akachinja.

Viungo vilitenganishwa kwenye maungio, maana mifupa ya akika haivunjwi. Nikapewa matumbo. Sikuyapeleka ufukoni, niliketi pale pale uani nikapasua la mwisho, kwa sababu nilitaka kujua, na mwalimu akasogea akasimama juu ya bega langu. Nisiseme uongo, nilikuta nyuzi tatu nne, zimesinyaa. Kwingine kote palikuwa pana rangi njema. Mwalimu akawaambia wanaume kwamba kuanzia kesho mnyama wa nadhiri atakaa kwa mfugaji mpaka siku yake. Alisema "kwa mfugaji" akinionyesha mimi, na baba alikuwa amekaa hapo hapo.

Kisha akaomba aletewe mtoto. Dada akamleta, amevaa kanzu mpya, nywele zimenyolewa. Muda wote ule tangu azaliwe hatukuwa tumemwita kitu ila mgeni, na dada hakuwa amemtajia mtu yeyote jina alilolikusudia, hata mumewe aliyetoka Fukayosi siku ile alikuwa halijui. Mwalimu akamwadhinia sikio la kulia, akainua kichwa, akauliza mtoto anaitwa nani.

Dada alinitafuta kwa macho mpaka akaniona pale chini kwenye matumbo. Akataja jina langu.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imejaa damu na mafuta mpaka viwikoni, sikuwa na pa kujifutia, nikayaacha machozi yashuke mbele za watu.